Korodani na mirija ya ndege dume chini ya hadubini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayejifunza histolojia, yaani elimu ya tishu chini ya hadubini, huanza, karibu kila mahali, na slaidi za panya, fahali na binadamu. Siku anapowekewa slaidi ya jogoo hutafuta yaleyale aliyoyazoea, na asipoyaona hudhani mkato umeharibika au ndege alikuwa mgonjwa. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa mara nyingi mno: mengine na wanafunzi wa tiba ya wanyama, mengine na wafugaji, na machache na wenzangu wa maabara ambao laiti wangeuliza kabla ya kutupa sampuli.

Mbegu ya kiume hupita wapi tangu inapozaliwa hadi inapotoka?

Huzaliwa ndani ya mirija ya mbegu iliyojikunjakunja katika korodani. Kutoka hapo huingia kwenye rete, yaani wavu wa njia nyembamba ulio upande wa korodani unaoelekea mgongoni na katikati ya mwili. Kisha hupita vijirija vya efarenti (vya kutoa mbegu nje ya korodani), vijirija viunganishi, mrija wa epididimisi, na mwisho mrija wa manii unaoteremka sambamba na mrija wa mkojo hadi kwenye kloaka, yaani tundu moja la kutolea kinyesi, mkojo na mbegu. Upande wa kulia una njia yake na wa kushoto una yake. Urethra ndege hana, na kibofu cha mkojo hana.

Korodani ziko ndani ya tumbo. Mbona mbegu haziharibiki kwa joto?

Jogoo ana joto la mwili la takriban nyuzi 41 za Selsiasi, na korodani zake zimening'inia chini ya mgongo, kwenye ncha ya mbele ya figo, zikigusana na tezi za adrenali. Kwa wanyama wenye pumbu zilizo nje ya tumbo, joto la korodani huwa chini ya joto la mwili kwa nyuzi kati ya 2 na 6, na ukiinua joto hilo uzalishaji wa mbegu huyumba.

Zamani watu walidhani mifuko ya hewa iliyo jirani huzipoza korodani za ndege. Dhana ilikuwa nzuri na ilidumu, lakini vipimo vilivyochukuliwa kwa majogoo vilikuta korodani zina joto lilelile la mwili. Seli zenyewe ndizo zilizozoea kufanya kazi katika joto hilo. (Ndege hawako peke yao. Hata tembo korodani zake zimo ndani.)

Kwa anayetazama slaidi hili lina maana moja ya moja kwa moja: usitafute ule msuko mnene wa vena unaouzunguka ateri ya korodani kwa fahali au kondoo dume, ule unaopoza damu kabla haijafika. Kwa ndege haupo. Ateri ya korodani ni fupi, hutoka kwenye ateri ya mbele ya figo na kuingia moja kwa moja.

Nimeikata korodani ya jogoo na sioni kuta zinazoigawa vyumba. Nimekosea?

Hujakosea. Korodani ya fahali au ya binadamu ina kuta za tishu unganishi zinazotoka kwenye ganda na kuigawa ndani, zikikutana kwenye kitovu kigumu cha tishu hiyohiyo. Korodani ya jogoo imefunikwa na ganda jembamba, tunika albujinea, lenye nyuzi za kolajeni pamoja na seli zinazoweza kusinyaa kama misuli, na ndani yake ni mirija tu iliyobanana. Kuta hakuna, kitovu hakuna.

Jingine ni kwamba mirija yenyewe huungana. Kwa wanyonyeshao wengi kila mrija ni kitanzi kinachoanzia na kuishia kwenye rete bila kuchanganyika na jirani yake. Kwa jogoo mirija hutoa matawi, matawi hukutana, na mwishowe ni wavu mmoja mkubwa. Ndiyo maana mara kwa mara utaona mkato wenye umbo la herufi Y, jambo ambalo kwa panya lingekushtua.

Tishu iliyo kati ya mirija ni haba sana kwa ndege aliye katika uzazi. Ukiona nafasi nyeupe pana kati ya mirija, kabla ya kufikiria ugonjwa, uliza ilihifadhiwa katika dawa gani. Nitalirudia hilo mbele.

Nitazitambuaje seli zilizo ndani ya mrija?

Chukua mrija mmoja uliokatwa mviringo mzuri, wa jogoo mzima anayepanda. Upana wake ni karibu mikromita 200. Weka lenzi ya 40 na uanzie nje ukiingia ndani, kwa utaratibu, bila kurukia katikati ambako mikia ya mbegu inavutia macho.

Nje kabisa kuna seli nyembamba bapa zenye uwezo wa kusinyaa, zimeuzunguka utando wa msingi. Hizo ndizo zinazousukuma ute wa mrija kuelekea kwenye rete, kwa sababu mbegu yenyewe wakati huo haiogelei.

Ndani ya utando, safu ya kwanza ni spamatogonia, yaani seli mama za mbegu. Zimekaa juu ya utando kabisa, viini vyake ni vya mviringo au yai, vingine vyeusi zaidi, vingine hafifu. Kwa kware wameainisha aina kadhaa kwa kuangalia rangi ya kiini na mahali kilipo kiini kidogo (nukleoli) kilicho ndani yake, ila kwa slaidi ya kawaida iliyopakwa rangi za hematoksilini na eosini mimi simlazimishi mwanafunzi kuzitenganisha.

Kati ya spamatogonia, kukiwa na kiini chenye umbo la pembetatu au kilichopinda, hafifu, chenye kiini kidogo kinachojitokeza wazi, hapo ni seli ya Sertoli. Mwili wake hutaona mipaka yake. Umeanzia kwenye utando na kupanda hadi kwenye uwazi wa katikati, ukijipenyeza kati ya seli nyingine zote kama plasta kati ya mawe. Enrico Sertoli alizieleza mwaka 1865 kwa korodani za binadamu, na jukumu lake kwa ndege ni lilelile: kuzilisha seli za mbegu, kumeza mabaki, na kushikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu karibu na utando, hata damu isichanganyike ovyo na kinachoendelea ndani.

Juu ya spamatogonia utakutana na spamatositi za kwanza, seli zinazotokana na spamatogonia. Hizi huwezi kuzikosa: ni kubwa, na kromosomu zake zinaonekana kama nyuzi zilizovurugika, kwa kuwa hatua hii ya meiosisi, yaani mgawanyiko unaopunguza kromosomu kwa nusu, huchukua muda mrefu. Spamatositi za pili hugawanyika upesi mno, na mwanafunzi anayeniambia ameziona kumi katika mrija mmoja huwa namwomba aangalie tena.

Kisha spamatidi, seli zitakazogeuka kuwa mbegu. Zinaanza duara, ndogo, zimepangana kwa matabaka. Halafu viini vyake huanza kurefuka, kukolea rangi na kujikusanya mafungu mafungu, vichwa vimechomekwa ndani ya seli za Sertoli na mikia imeelekea katikati. Ukizungusha ile skrubu ndogo ya kulenga taratibu, fungu moja la vichwa vya jogoo huonekana kama sindano nyeusi zilizochomwa kwenye mto mmoja, zimeegemeana kidogo upande. Ni mandhari ninayoipenda kuliko nyingine zote katika slaidi hii.

Katika mkato mmoja wa mrija, upande huu kuna mbegu ndefu, upande ule kuna spamatidi duara tu. Ni kawaida?

Ni kawaida. Kwa panya, mkato mmoja wa mrija kwa kawaida huonyesha hatua moja kuzunguka mzingo wote. Kwa kware, hatua zimejipanga kwa mzunguko wa parafujo kando ya mrija, hivyo kisu kikipita hukutana na hatua kadhaa kwa pamoja. Binadamu naye huonyesha mchanganyiko wa aina hiyo.

Mbegu moja huchukua siku ngapi kutengenezwa?

Kwa jogoo ni takriban siku 14, na kware hayuko mbali na hapo. Fahali huchukua kama siku 61, binadamu kama 74. Baada ya kutoka kwenye korodani, safari ya kufika mwisho wa mrija wa manii huchukua siku 1 hadi 4 kwa jogoo. Kwa mfugaji aliyekumbwa na joto kali au homa bandani, hesabu hii ni ya kazi: shahawa anazozikagua leo zilianza kutengenezwa wiki mbili na kitu zilizopita.

Seli za Leydig ziko wapi, na mbona sizioni?

Ziko kwenye pembe ndogo zinazobaki pale mirija mitatu inapokutana, karibu na kapilari. Kwa ndege mwenye korodani zilizojaa, mirija imezisukuma zikabaki vikundi vya seli chache chache. Seli yenyewe ina kiini duara na saitoplazimu yenye matone ya mafuta, ambayo wakati wa kuandaa slaidi za nta huyeyuka na kuacha vishimo vyeupe. Ukitaka kuyaona mafuta yenyewe, kata tishu iliyogandishwa na utumie rangi ya mafuta.

Hapa ndipo testosteroni, homoni ya kiume, inapotoka, na habari ya testosteroni ilianzia kwa jogoo. Mwaka 1849 Arnold Adolph Berthold, huko Göttingen, aliwahasi majogoo wachanga. Waliobaki bila korodani hawakuota upanga mkubwa kichwani, hawakuwika kijogoo, hawakupigana. Wale aliowarudishia korodani, hata zilipopandikizwa mahali pengine tumboni ambako mishipa ya neva ya awali haikuwepo, walikua majogoo kamili. Akahitimisha kwamba korodani hutoa kitu kinachopita ndani ya damu. Neno homoni lilikuwa bado halijabuniwa.

Nimepata korodani ndogo sana, mirija myembamba, mbegu hakuna hata moja. Ndege huyu ni mgonjwa?

Swali la kwanza la kujiuliza ni: alichukuliwa mwezi gani, na mwanga aliopata ulikuwa saa ngapi kwa siku?

Nilijifunza hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika ripoti ya kware dume watano na kusema korodani zao zimedumaa, sababu haijulikani, yafaa wachunguzwe sumu kwenye chakula. Mkubwa wangu aliisoma, akavua miwani, akaniuliza kitu kimoja tu: "Taa za bandani zinawashwa saa ngapi kwa siku?" Zilikuwa zinawashwa kwa muda wa saa 8 tu. Kware waliokomaa wakiwekwa kwenye mwanga wa saa 8, korodani zao husinyaa ndani ya wiki chache. Ukiwarudishia siku ndefu, hujaa tena. Ripoti ile nimeihifadhi hadi leo.

Ndege wengi wa maeneo yenye majira hufanya hivyo kila mwaka. Shomoro wa kawaida wa mijini, nje ya msimu wa uzazi, ana korodani ya kama milimita moja, kama kichwa cha pini. Msimu ukifika huongezeka ujazo mara mia kadhaa. Mwanga hupenya fuvu na kufikia seli zinazouhisi ndani kabisa ya ubongo, ubongo huiamuru tezi ya pituitari, pituitari hutoa homoni mbili, na korodani huitika. Macho si ya lazima katika mnyororo huo.

Chini ya hadubini, korodani iliyo mapumzikoni ina mirija yenye upana chini ya mikromita 100, uwazi wa katikati umefungika au karibu kufungika, na ndani kuna seli za Sertoli na spamatogonia tu. Tishu kati ya mirija inaonekana nyingi, seli za Leydig zimekaribiana na mara nyingi zimejaa mafuta. Ganda la nje ni nene, kwa sababu kitu kimepungua ujazo na ngozi yake imebaki. Baadhi ya ndege hutengeneza ganda jipya chini ya lile la zamani, na kwa muda utaona mawili yamelaliana. Hapo hakuna ugonjwa wowote.

Basi utautofautishaje na uharibifu wa kweli? Tazama kama mirija yote iko katika hali moja. Mapumziko huikumba korodani yote na mwenzake wa upande wa pili kwa usawa. Maradhi mara nyingi huacha viraka: mrija mmoja una mbegu, jirani yake umejaa seli zilizokufa na zenye viini vingi ndani ya mwili mmoja, na chembe nyeupe za damu zimeingia. Kuwe na tahadhari katika wiki za mpito tu, kwani msimu unapokwisha seli nyingi hufa kwa mpangilio na mirija huonekana michafu hata kwa ndege mzima.

Korodani ya kushoto ni kubwa kuliko ya kulia. Nina wasiwasi?

Hapana. Kwa ndege wengi ni hivyo, hasa wakiwa wadogo.

Na ikiwa nyeusi?

Baadhi ya ndege wana seli za rangi nyeusi kwenye ganda na kati ya mirija. Kuku wa silki ni mfano ambao wengi wanaujua. Kwezi wa Ulaya ana korodani nyeusi akiwa mapumzikoni na za rangi ya krimu akiwa katika uzazi: seli za rangi ni zilezile, ila korodani inapovimba hutawanyika na weusi unapotea machoni. Kwenye slaidi utaona chembechembe za kahawia au nyeusi hata kabla ya kupaka rangi yoyote, na hivyo ndivyo unavyozitofautisha na uchafu wa rangi.

Epididimisi iko wapi? Nimetafuta kichwa, mwili na mkia, sijaviona.

Hutaviona. Kichwa, mwili na mkia ni mgawanyo wa wanyonyeshao. Epididimisi ya ndege ni kijivimbe chembamba kilichoshikamana na korodani upande wa mgongoni, na anayepasua kwa haraka huiacha ndani ya mwili akadhani ameitoa. Ushauri wangu ni kuitoa korodani pamoja na kipande cha figo na adrenali, uvitenganishe baadaye kwa utulivu.

Sehemu kubwa ya kijivimbe hicho ni vijirija vya efarenti, na hapa ndipo tofauti na wanyonyeshao ilipo kubwa: kwao mrija wa epididimisi wenyewe ndio unaotawala, mrefu ajabu, kwa ndege ni mfupi.

Tuipite njia kwa macho. Rete ina seli bapa au za umbo la mchemraba, tabaka moja, ndani ya tishu unganishi. Sehemu yake imo ndani ya korodani, sehemu imo ndani ya ganda, sehemu iko nje. Ghafla njia inapanuka: hapo umeingia kwenye vijirija vya efarenti. Mwanzoni ni vipana, ukuta wake umekunjamana, mikunjo imeingia ndani hadi uwazi unaonekana kama nyota iliyopondeka. Kadiri vinavyosonga mbele hupungua upana na mikunjo huisha. Epithelia yake, yaani tabaka la seli linalofunika ndani ya ukuta, ina seli za aina mbili zilizochanganyika. Zenye silia (vijinywele vinavyocheza) huukoroga ute, na zisizo na silia, ambazo zimejaa vifuko juu ya kiini, huunywa. Sehemu kubwa ya majimaji yaliyotoka korodanini hufyonzwa hapa. Linganisha uwazi wa kijirija cha mwanzo, mbegu moja moja zikielea, na ule wa mrija wa manii ambako mbegu zimeshindiliwa kama nyasi kwenye godoro, utaelewa ni majimaji kiasi gani yametoka njiani.

Vijirija viunganishi ni vyembamba, vya mviringo safi. Mrija wa epididimisi unaofuata ni mpana zaidi, seli zake ni ndefu kama nguzo na viini viko kwenye vimo tofauti, hata tabaka moja likaonekana kama mawili. Zile nywele ndefu zinazojaza uwazi wa epididimisi ya binadamu hapa hazipo. Kuna vinyweleo vifupi tu. Mwanafunzi akiniuliza njia ya haraka, humwambia: ukiona silia nyingi uko kwenye efarenti, ukiona ukuta laini usio na silia wenye seli ndefu umeshavuka.

Nimeona vijiwe ndani ya vijirija vya epididimisi ya jogoo. Ni kosa la maandalizi?

Huenda ni vya kweli. Majogoo hupata vijiwe vya kalsiamu ndani ya vijirija vya efarenti, na wenye navyo uwezo wa kutungisha hushuka. Hematoksilini huvipaka bluu iliyokolea, vina pete kama za mti uliokatwa, na mara nyingi kisu huvivunja na kuacha mistari kwenye mkato. Seli za epithelia zinazovizunguka huwa zimebonyea. Uchafu wa rangi, kwa upande mwingine, unakaa juu ya tishu. Ukishusha na kupandisha lenzi utagundua hauko kimo kimoja nayo.

Mrija wa manii unaonekana kama umekatwa mara kumi. Ni mingi?

Ni mmoja. Umejikunja kwa zigizaga toka juu hadi chini, hivyo kisu kimoja huukata mara nyingi. Ukuta wa ndani una mikunjo inayoelekea kwa urefu, epithelia yake ni seli ndefu zisizo na silia, na misuli laini huongezeka kadiri unavyokaribia kloaka. Mwishoni hupanuka kuwa kama chupa, kisha huingia kwenye kloaka kwa chuchu ndogo. Kwa jogoo hapa ndipo ghala la mbegu lilipo.

Ndege wa jamii ya shomoro wamekwenda mbali zaidi. Msimu wa uzazi, mwisho wa mrija wa manii hujisokota na kuwa furushi linaloitwa glomusi, na furushi hilo husukuma kloaka nje hadi uvimbe unaonekana kwa macho. Mwaka 1954 Albert Wolfson alionyesha kwamba joto ndani ya uvimbe huo liko chini ya joto la mwili kwa nyuzi kadhaa. Kwa hiyo ndege hawa hutengeneza mbegu ndani kwenye joto na kuzihifadhi kwenye ubaridi kidogo. Katika mkato, glomusi ni duru nyingi zilizobanana, kila moja imejaa mbegu, na katikati yake tishu haba sana.

Tezi dume ya jogoo iko wapi?

Haipo, wala vifuko vya shahawa havipo. Majimaji ya shahawa hutoka korodanini na kwenye mirija yenyewe. Jogoo hutoa kama mililita 0.2 hadi 0.5 kwa mara moja, na kila mililita ina mbegu bilioni 3 hadi 7. Huchanganyika pia na majimaji angavu yanayofanana na limfu, kutoka kwenye vibonge vya mishipa vilivyo pembeni mwa kloaka. Kwenye slaidi vibonge hivi ni matita ya kapilari yaliyozungukwa na nafasi za limfu, na wengi huviripoti kimakosa kama uvimbe.

Kware dume ana tezi ya ziada kwenye ukuta wa nyuma wa kloaka, inayotoa povu jeupe. Hukua kwa nguvu ya testosteroni na husinyaa ikikosekana, kwa hiyo unaweza kukisia hali ya korodani kwa kuipima tezi hii kwa nje, bila kumpasua ndege. Laiti ningalijua hilo kabla ya ile ripoti.

Je, ndege wana uume?

Wengi hawana uume wa kuingiza. Dume na jike hugusanisha kloaka tu. Jogoo ana vivimbe vidogo kwenye ukingo wa kloaka vinavyofura kidogo. Bata, bata bukini na mbuni wanao, na wa bata umejisokota. Kwa mnyonyeshao uume husimama kwa damu. Kwa bata na mbuni husimama kwa limfu, na histolojia inalingana na hilo: badala ya mapango ya damu utaona nafasi za limfu zenye kuta nyembamba katika kitanda cha kolajeni, na mfereji ulio wazi juu yake unaopitisha manii, usio mrija wa kufungika.

Mbegu yenyewe ina sura gani?

Ya jogoo ni uzi uliopinda kidogo, urefu kama mikromita 90 hadi 100, unene wa kichwa takriban nusu mikromita. Usitafute kichwa kipana kama cha fahali. Mbele kuna akrosomu, kifuniko cha ncha ya kichwa, ndogo ya umbo la koni, kisha kiini kirefu, kisha kipande chenye mitokondria (vyanzo vya nishati vya seli) kama 30, kisha mkia. Shomoro na jamaa zake wana kichwa kilichosokotwa kama keekee ya kutobolea mbao, na mbegu yao husonga kwa kujizungusha.

Mbegu ya ndege ni lazima ikomae kwenye epididimisi kama ya mnyonyeshao?

Si kwa kiwango kilekile. Mbegu zilizotolewa moja kwa moja kwenye korodani ya jogoo zimeweza kutungisha zilipowekwa juu ndani ya njia ya mayai, kupita uke. Zikiwekwa ukeni zinashindwa. Inaonekana kinachopatikana njiani ni uwezo wa kuvuka uke zaidi kuliko uwezo wa kutungisha.

Ile bursa ya Fabricius iliyo juu ya kloaka ni sehemu ya mfumo huu?

Hapana, ni ya kinga ya mwili. Ukiona vifundo vilivyojaa limfosaiti, umechukua kipande kisicho chako.

Nihifadhi korodani kwa dawa gani?

Kwa histolojia ya kawaida natumia mchanganyiko wa Bouin: asidi ya pikriki, formalini na asidi asetiki. Formalini peke yake husinyaza mirija na kuacha zile nafasi nyeupe nilizozitaja mwanzoni, na viini vya spamatositi hupoteza mpangilio wake. Korodani kubwa itoboe ganda kwa wembe mkali sehemu mbili tatu kabla ya kuichovya, ila usiikate vipande ikiwa mbichi, kwani tishu hufutuka nje ya ganda kama krimu na mirija yote ya ukingoni huharibika. Iache saa chache hadi igande kidogo, ndipo uikate vipande vya unene wa milimita chache na uvirudishe dawani hadi kesho yake. Kisha osha kwa alkoholi ya asilimia 70, ukibadilisha mara kadhaa hadi umanjano upungue. Mikato ya mikromita 4 hadi 5 inatosha.

Asidi ya pikriki iliyokauka inaweza kulipuka. Chupa yenye fuwele kavu shingoni usiifungue. Mwite anayeshughulikia usalama wa maabara.

Na kwenye lebo, pamoja na namba ya sampuli, andika spishi, umri, upande wa korodani, tarehe ya kuchukuliwa, na saa za mwanga alizokuwa akipata ndege. Tumia penseli. Alkoholi hufuta wino.